Soli za Kushoto: Chapati Mbili Ndani ya Oveni

Uligeuza ukurasa. Usikatae. Wiki iliyopita tulimwacha Angelina ofisini, kalamu mkononi, barua ya kukiri uzembe imelazwa mbele yake, na wewe ukaona hayo ya watu hayakuhusu, ukakimbilia kurasa za michezo kuangalia kama mkeka wako wa kubeti umechanika. Umechanika. Pole sana. Sasa rudi huku, maana yule mama bado ameshika kalamu, na vidole vimeanza kufa ganzi.

Kwa waliokuwa wamelala, mambo ni haya. Angelina, ambaye kazini wanamwita Mama Ignasi, amepaka gundi viatu vya shule miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha Bosi Elibariki, pale Gerezani nyuma ya gereji. Mwezi huu shule zimefunguliwa, mzigo uliolala ghalani kwa miezi umeuzwa, na viatu vimeanza kurudi. Soli zinaachana na ngozi ndani ya wiki mbili za kuvaliwa. Mtoto anafika darasani kiatu kimeacha mdomo wazi kama kinataka kujibu swali la hesabu.

Kiwanda kikamtafuta mkosaji. Kilimtafuta kwa bidii kubwa, kuanzia meza ya gundi mpaka meza ya gundi.

Na sasa barua. "Mimi Angelina ninakiri kwamba kwa uzembe wangu mwenyewe katika kupaka gundi..." Akisaini kabla ya saa kumi, anaondoka kimya kimya na uzembe wake. Asiposaini, anafukuzwa, na jina lake linatembezwa kwenye kila karakana ya viatu kuanzia Gerezani mpaka Kariakoo yote: mkono wa mama huyu haushiki. Mpakaji gundi akishasemwa hivyo, nani atampa brashi tena? Ndiyo hiari aliyopewa. Achague mwenyewe, ale kofi la kulia au la kushoto.

"Saini, mama," alisema Caroline, afisa wa wafanyakazi, kwa sauti laini ya mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa. "Usijifanyie mambo kuwa magumu."

"Nasoma, dada."

"Umeshaisoma mara tatu."

"Naitafuta sehemu ambayo nimefanya kosa. Bado sijaifikia."

Kalamu ikagusa karatasi. Wino ukaacha kidoti.

Mlango ukapigwa teke.

Aliyeingia ni Zakayo, muuzaji wa jumla wa Mtaa wa Kongo, anaburuta gunia. Hakusalimia. Aliligeuza gunia kichwa chini katikati ya ofisi, na viatu vyeusi vikamwagika mpaka chini ya meza ya Caroline.

"Bosi wenu Mangi yuko wapi?" akauliza. "Nimemletea watoto wake. Wamekataa kukaa kwangu."

Bosi Elibariki akatokea chumba cha ndani, tabasamu likiwa limemtangulia. Nyuma yake ukutani ilining'inia picha yake mwenyewe anapokea ngao ya ubora kwenye maonyesho ya Mnazi Mmoja. Ubora, ndiyo. Ngao ile ilikuwa imegundishwa kwenye kibao chake, na mpaka leo haijabanduka. Bila shaka iligundishwa kwingine.

"Zakayo, kaka yangu! Kaa kwanza, unywe soda."

"Sinywi soda. Wazazi wamejaa dukani wananipiga na viatu. Kuna mama mmoja kanirushia kimoja kikanipata sikioni."

"Limeshakwisha hilo. Mwenye kosa ndiye huyu hapa, anasaini sasa hivi."

Zakayo akamtazama Angelina. "Huyu? Huyu si ndiye ulinionyesha mwaka juzi ukasema huyu mama ndiye mkono wa kiwanda?"

"Mikono inazeeka, kaka."

"Ooh." Zakayo akakuna sikio lake. "Mashine haizeeki?"

Swali zuri. Elibariki akalijibu kwa kuagiza soda.

Angelina hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa anatazama viatu sakafuni. Miaka kumi na mmoja amevitazama viatu kama wewe unavyoitazama simu yako, na kuna kitu pale chini kilikuwa kinamkera jicho. Akaweka kalamu. Akapiga magoti. Akaanza kuvitenga, vilivyoachama huku, vizima kule.

"Mama Ignasi, unafanya nini?" Caroline alisimama.

"Napanga, dada. Si ndiyo kazi yangu?"

Alipanga haraka, bila kuinua kichwa. Fungu la vizima likakua. Fungu la vilivyoachama likakua. Kisha akakaa juu ya visigino vyake, akacheka kidogo. Kicheko hicho hakikuwa na furaha hata chembe.

"Kaka Zakayo, hebu njoo. Chukua chochote kwenye fungu hili. Cha mguu gani?"

Zakayo akaokota kimoja. "Kushoto."

"Kingine."

"Kushoto." Akaokota cha tatu, cha nne, cha tano, safari hii kwa pupa. "Kushoto. Kushoto. Mama, hivi vyote ni vya kushoto!"

"Na vizima?"

"Vya kulia!"

Angelina akamgeukia Caroline. "Dada, barua yako inasema mkono wangu una uzembe. Haisemi ni uzembe wa mguu mmoja."

Caroline alifikiri. Mshahara wake ulimtaka afikiri haraka. "Labda vya kushoto unavipaka ukiwa umechoka."

"Napaka kushoto, kulia, kushoto, kulia, kutwa nzima. Kwa hiyo nachoka kwa kiatu kimoja, halafu napumzika kwa kiatu kimoja?"

Zakayo alicheka mpaka akashika meza. Elibariki hakucheka. Alifungua mlango, akaita kwa sauti iliyosikika mpaka kituo cha mabasi ya mwendokasi.

"Fundi!"

Abdulswamad, fundi wa mashine, akaingia anafuta mikono kwa kitambaa. Ni mtu mpole, mrefu, wa maneno machache. Angelina akapumua. Ramadhani yote iliyopita, kila jioni wakati wa kufunga kazi, alikuwa akimwachia fundi huyu chupa ya uji wa futari. Mtu aliyekunywa uji wako mwezi mzima hawezi kukuzika.

Hiyo ndiyo akili ya mtu mwema. Ndiyo maana watu wema wanafukuzwa kazi kila mwezi.

"Fundi," Elibariki alisema, "ile oveni ya gundi ina tatizo lolote?"

Abdulswamad alitazama viatu. Alimtazama Angelina. Halafu akaamua kutazama kitambaa chake.

"Hapana, bosi. Nzima. Inasoma nyuzi sabini na tano."

"Kila siku?"

"Kila siku. Saa zote."

"Umesikia, Zakayo? Mtaalamu huyo."

Angelina hakusaini. Hakulia. Alikumbuka, na kukumbuka ni kubaya zaidi kwa wenye viwanda. Alimkumbuka Isidori, mshonaji, aliyefukuzwa kwa sababu mishono yake inaruka. Meno ya mashine yaliyokuwa yanasukuma ngozi yalikuwa yameisha, laini kama fizi za mzee. Isidori akasaini. Wiki ileile yakafungwa meno mapya, mishono ikanyooka, na watu wakasema: mnaona? Alikuwa yeye. Akamkumbuka Eliasi, mkataji, aliyefukuzwa kwa sababu ngozi zake zina kingo za kuchanika. Kisu cha kukatia kilikuwa butu hata mkate kisingeukata. Eliasi akasaini. Kisu kikabadilishwa. Mnaona? Alikuwa yeye.

Na yeye Angelina alikuwepo siku zote mbili. Alisema nini? Aliendelea kupaka gundi.

Saa ya ukutani ikasoma saa saba na nusu, wakati wa chakula cha mchana. Nyuma ya ukuta wa mbao uliotenganisha ofisi na karakana, ikapaa sauti ambayo hata matofali yangeisikia. Ni Leticia, wa meza ya gundi, mwenye ulimi usio na breki.

"Nani kahamishia bakuli langu kushoto? Nani? Wali wangu umepoa kama maiti! Jamani tulishakubaliana zamu, leo kulia ni mimi!"



"Anasema nini huyo?" aliuliza Caroline.

Angelina alitazama fungu la viatu vya kushoto, kisha ukuta wa mbao.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo palipolala hadithi yote. Oveni ile ni sanduku la bati lenye mlango, lenye koili mbili za kutoa moto, moja kushoto na moja kulia. Kiatu kikishapakwa gundi na kukauka kinaingizwa humo dakika mbili, gundi iamke kwa joto, kisha kinatolewa haraka kubanwa na soli yake kwenye presi. Joto lisipotosha, gundi inashika kwa heshima tu. Inangoja mteja alipe, halafu inaachia.

Na wanawake wa meza ya gundi wana mazoea yao. Kiatu cha kushoto wanakiweka upande wa kushoto wa trei, cha kulia upande wa kulia, kama kuna mtu asiyeonekana amesimama juu yake. Hakuna aliyewafundisha. Ndivyo miguu ilivyo.

Wana mazoea mengine pia. Mchana, oveni ikiwa bado ya moto, wanaingiza humo vyakula vyao kuvipasha. Mabakuli ya wali, chapati kwenye karatasi, mihogo. Ni marufuku. Juu ya mlango wa oveni pamebandikwa tangazo jekundu: ATAKAYEPASHA CHAKULA HUMU AMEJIFUKUZISHA KAZI. Kona moja ya tangazo hilo inang'aa kwa mafuta ya vidole vinavyofungua mlango kupasha chakula.

Tangu wiki ya Pasaka, wanawake kumi na wanne wanagombania upande wa kulia wa oveni. Wamepanga zamu. Wamenuniana. Wawili hawasalimiani hadi leo kwa sababu ya bakuli la maharage. Na katika miezi yote hiyo, hakuna hata mmoja, Angelina akiwemo, aliyejiuliza: kama kushoto hakupashi wali, kunapashaje kiatu? Kwenye saa ya joto pameandikwa sabini na tano. Namba imeandikwa na mashine, na binadamu ni nani aibishie?

Jibu lote lilikuwa kinywani mwake. Ila kulitoa ni kuwauza wenzake kumi na watatu.

"Twendeni kwenye oveni," alisema.

"Saini kwanza," alisema Caroline.

"Twende, mangi," alisema Zakayo, na tayari alikuwa mlangoni. "Mimi napenda kuona vitu vizima."

Walipotokea karakana, vyakula vilifichwa kwa kasi ambayo kiwanda hicho hakijawahi kuiona kwenye uzalishaji. Angelina akamfuata Leticia, akamshika kiwiko.

"Lete chapati zako mbili."

"Chapati gani, Mama Ignasi?" Leticia alijibu kwa sauti kubwa ili watu wa ofisini wasikie, halafu akanong'ona, "Umechanganyikiwa? Tukisema, tumekwisha wote!"

"Nikisaini nimekwisha peke yangu, kweli. Halafu koili ya kulia nayo ife kama ya kushoto. Nani anafuata kusaini? Nani amekaa karibu yangu?"

Leticia alifumba mdomo. Wafanyakazi wa pale wanasema ilikuwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Kisha akainama chini ya meza, akatoa kifurushi, akakiinua juu mbele ya watu wote.

"Hizi hapa! Chapati mbili, za jana, za kusukuma mwenyewe. Nazipasha humu kila siku ya Mungu. Dada Caroline, andika, jina langu linaanza na L."

Caroline akaandika kweli.

Angelina akaweka chapati moja upande wa kushoto wa trei, moja upande wa kulia. Akasukuma ndani. Saa ya joto ikasoma sabini na tano, bila aibu. Dakika mbili zikapita. Mtu mmoja akakohoa. Trei ikatoka.

"Kaka Zakayo, wewe ndiye mwenye njaa ya kuona."

Zakayo akamega ya kulia, akatupia kipande mdomoni, akaruka. "Ya moto! Imeniunguza ulimi!" Akamega ya kushoto, akatafuna polepole. Akatafuna tena. Akamgeukia Elibariki. "Mangi, hii ya baridi. Nimewahi kula barafu zenye moto kuliko hii."

Kumi na wanne wakacheka. Hata presi, mtu angesema, ilipumua. Angelina aliona mwanga. Ameshinda.

Subiri kwanza.

"Asante sana," alisema Caroline, na kalamu yake ilikuwa bado inakimbia. "Kwa hiyo mnakiri mnaingiza chakula ndani ya oveni. Chakula kina mafuta. Mafuta yakigusa gundi, gundi haishiki. Bosi, tumepata chanzo. Si mkono wa mtu mmoja. Ni mikono ya watu kumi na wanne."

Kicheko kikafa njiani. Elibariki alimtazama afisa wake kama mtu anayetazama maua.

"Wote," akasema. "Wote mmejifukuzisha. Tangazo lilikuwepo."

Wanawake wakamgeukia Angelina. Macho yao yalisema yote. Leticia peke yake ndiye aliyetamka. "Nilikuambia, Mama Ignasi. Sikukuambia?"

"Dada Caroline," Angelina alisema taratibu, "chakula tunapasha upande gani?"

"Sijui, na haini..."

"Kulia. Miezi yote hii tunagombania kulia, umemsikia mwenyewe Leticia anapiga kelele. Mafuta yote yako kulia. Sasa viatu vya kulia vyenye mafuta vimeshika, na vya kushoto visivyo na tone la mafuta vimeachama. Niambie. Tuanze kupaka samli?"

Zakayo akapiga makofi. Peke yake, kwa sauti, kama yuko uwanjani.

Bosi Elibariki alikuwa ameacha kutabasamu. Mtu wa biashara akiishiwa maneno hubaki na amri.

"Zima umeme. Fundi, fungua hiyo oveni, badilisha koili. Caroline, lete lile boksi lililo chini ya meza yangu."

Hapo ndipo alipojikwaa, na hakujua.

Caroline alileta boksi. Zakayo, mwenye pua ya kuzaliwa dukani, akalishika kabla halijamfikia fundi. Koili mpya, haijafunguliwa. Risiti ilikuwa bado imebandikwa juu, ya duka la vipuri la mtaa wa pili, mbali kiasi cha mtu kwenda na kurudi chai yake ikiwa bado haijapoa.

"Mangi," akasema, "tarehe ya hii ni Jumanne iliyopita."

Akaligeuza boksi watu wote waione risiti.

Angelina akaelewa polepole, jinsi mtu anavyoelewa kwamba amekanyaga msumari. Koili ilikuwa imenunuliwa wiki nzima kabla ya barua kuandikwa. Ilikuwa chini ya meza, inamngoja. Yeye asaini leo, koili ifungwe kesho, viatu vianze kushika keshokutwa. Na kila mtu Gerezani aseme: mnaona? Alikuwa yeye.

Isidori. Eliasi. Angelina. Mstari ulikuwa umenyooka kuliko mishono yote ya kiwanda kile.

"Ninanunua vipuri vya akiba," alisema Elibariki. "Huo ndio ubora. Mashine ilikuwa nzima, ni nzima, nabadilisha kwa usalama tu. Fundi, fungua!"

Swichi kubwa ya ukutani ikazimwa. Abdulswamad akatoa skrubu nne, akaondoa bati la ubavuni. Ndani giza, masizi, na waya zimesokotana. Hakuna aliyeelewa kitu pale, wala Angelina. Yeye anajua gundi, hajui umeme.

Lakini anamjua Abdulswamad. Alimtazama mikono. Umeme umezimwa, ila kuna waya mmoja wa upande wa kushoto ambao mikono ile iliuzunguka kila mara, mbali, kama mtu anayepita pembeni ya mbwa aliyelala.

Koili ya zamani ikitoka, waya ule unafungwa upya, na hakuna tena cha kuonyesha. Dakika tano tu.

Angelina akapita chini ya mkono wa fundi. Akaingiza mkono wake wa kulia, ule wa brashi, mpaka kwenye kiwiko. Vidole vikasimama kando ya waya ule.

"Mama Ignasi!" Leticia alipiga ukelele.

"Toa mkono, mama," alisema Elibariki.

"Kwa nini, bosi?"

"Toa mkono, fundi afanye kazi."

"Kwani kuna nini humu? Mashine si nzima? Fundi kasema nzima, kila siku, saa zote. Wewe umesema nzima. Mashine nzima haina neno na mtu." Akasogeza vidole karibu zaidi na waya. "Washa, bosi."



"Unanitisha mimi kiwandani kwangu?"

"Sikutishi. Nakuamini. Washa."

Elibariki alimtazama Zakayo, aone kama Zakayo anatazama. Alikuwa anatazama. Basi akatembea mpaka ukutani, hatua saba, akaweka kidole kwenye swichi. Akikataa kuwasha, amekiri. Akiwasha, tuseme ndiyo amethibitisha ubora.

"Mangi, acha mchezo," Zakayo alisema. Sauti yake haikuwa tena na utani.

"Mashine nzima," Elibariki alisema kwa meno. "Anajifanya tu, atautoa. Nahesabu mpaka tatu. Moja."

Jasho lilimtoka Abdulswamad kwenye kidevu, likadondoka juu ya bati.

"Mbili."

"Usiwashe!" Fundi alirusha bisibisi, ikagonga ukuta. "Usiwashe, bosi, utamuua! Waya uko uchi! Uko uchi tangu Pasaka!"

Zakayo akamgeukia. "Umejuaje, fundi?"

Abdulswamad alijifuta kidevu kwa kitambaa. "Niliukata mimi. Koili ya kushoto ilikufa wiki ya Pasaka. Nikamwambia bosi nusu ya oveni ni baridi. Akasema mzigo wa shule unasubiriwa, tutanunua baadaye, hamisha kipimajoto ukifunge kulia kwenye koili nzima, isome sabini na tano, wasitusumbue." Akamtazama Angelina kwa mara ya kwanza siku ile. "Nisamehe, Mama Ignasi. Nina watoto wanne."

"Na mimi nina wangapi?" alisema Angelina. Mkono hakuutoa.

Ungedhani yamekwisha hapo. Ukweli umesemwa mchana kweupe, mbele ya mteja, mbele ya watu kumi na watano. Kwenye hadithi za watoto, hapo bosi analia, anaomba radhi, wanakula pilau.

"Huna kazi, Abdulswamad," alisema Elibariki. Kidole hakikuwa kimetoka kwenye swichi. "Na aliyosema hayapo popote kwenye maandishi. Karatasi iliyopo ni moja tu. Caroline, mpelekee."

Caroline akaja na barua, na kalamu, na ubao mdogo wa kuandikia. Hata safari hii alitembea kwa adabu. Akausogeza ubao mpaka chini ya mkono wa kushoto wa Angelina.

"Saini kwa mkono uliobaki, mama," alisema Elibariki. "Saini, na hawa kumi na watatu wanarudi kwenye meza zao, chapati nasahau. Usiposaini, wote nje. Au utoe mkono, fundi mwingine aje afunge koili, tuone nani atakuamini. Sijamaliza kuhesabu."

Angelina aliwatazama wenzake. Walikuwa hatua nne tu kutoka alipo. Watu kumi na watatu, mikono ishirini na sita, na kati yao na swichi alikuwepo mwanamume mmoja mwenye shati la kupigwa pasi. Walikuwa wanatazama sakafu. Wanakokotoa. Hata Leticia, mwenye ulimi usio na breki, alikuwa ameushika kwa meno.

Kalamu ikasukumwa katikati ya vidole vyake.

"Ta..." alianza Elibariki.

Leticia akainua mguu mmoja.

Hatua moja. Hajui kama kuna mwingine nyuma yake, na wewe hujui, na mimi sikwambii, kwa sababu wewe si mtazamaji hapa. Hapo ulipo, kwenye kiwanda chako, gereji yako, jiko la hoteli unakofanya kazi, kuna mashine imefungwa waya ikaitwa nzima. Unaijua. Unaizunguka kwa mikono kama fundi yule. Basi kunja gazeti sasa hivi, si kesho, si mwisho wa mwezi. Mwite mwenzako mmoja, mwonyeshe kipuri chenyewe, andikeni kimekufa tarehe gani na nani alisema kiachwe hivyohivyo, msaini wote wawili, kisha mwite wa tatu. Inuka. Bosi wako ameshachapa barua ya kukiri, na pale pa jina ameacha nafasi inayokutosha.